Umevaa Koti?

Jumapili, 8 Januari

Matroni ametugawia daftari kila mmoja, tuandike "tuliyojifunza ugenini," wazazi wasome tukirudi. Haya. Nimejifunza kwamba baridi haina adabu. Inaingia hadi sehemu ambazo hata daktari angeomba ruhusa kwanza.

Ni mara yangu ya kwanza kupanda ndege na mara ya kwanza kuvuka mpaka wowote. Shule hii ya wenyeji imeialika timu yetu ya mpira wa wavu kwenye ligi yao ya majira ya baridi, na tutakaa mpaka fainali, Mungu akitufikisha. Wenzangu wote wana furaha. Mimi nina nusu. Nusu nyingine iko nyumbani kwenye cherehani, miguu imevimba.

Mama ni fundi wa kushona na figo zake zimechoka. Nilimwambia siendi. Akanitazama juu ya miwani. "Ukibaki utanifanyia nini? Utanichujia damu kwa chujio la chai? Nenda. Ukirudi utanikuta papa hapa, mguu kwenye pedali." Nikamwambia aape. Akasema yeye si mtu wa kuapa ovyo, akachukua mkasi. Kwetu nani anauza makoti? Akakata blanketi lake la kijivu, akatia bitana ya mabaki ya sare za shule, akashona vifungo visivyofanana kutoka kwenye kopo lake. Ninaloomba katika safari hii ni moja tu, nirudi nimkute. Kombe wachukue wanaolitaka.

Anayelitaka zaidi ni Malkia. Ndiye nahodha wetu na ndiye mpigaji mkuu, ana koti jekundu la dukani lenye manyoya shingoni. Tuliposhuka ndegeni alinitazama juu mpaka chini, akawaambia wenzake, "Jamani, kitanda kimebaki nyumbani, blanketi limesafiri peke yake!" Walicheka hadi wakashikana. Kocha aligeuka pembeni kuficha meno yake. Nimeyaona.

Na jina nimeshapoteza. Kule ndegeni nilikwenda chooni kukiosha kijiko cha plastiki, nikamrudishia mhudumu na kumshukuru, kumbe vile vinatupwa. Sasa naitwa Kijiko. Kitanda nilichopewa kiko mlangoni, hita iko upande wa pili wa bweni, karibu na Malkia, kama kawaida ya vitu vizuri.

Simu zetu tumeziacha shuleni. Jumapili Matroni anampigia kila mtu mzazi wake kwa simu yake, kwa sauti ya juu, wote tunasikia.

"Umefika? Umevaa koti?" Mama aliuliza.

"Nimevaa."

"Mabegani halibani?"

"Halibani, Mama."

Nyuma yangu mtu akaanza kukoroma kwa kujifanyisha. Matroni akasema shh, lakini na yeye mdomo ulikuwa unamcheza.

Jumanne, 10 Januari

Mazoezi. Viazi. Mazoezi. Viazi.

Jumamosi, 14 Januari

Tumeshinda. Niseme tu jinsi mpira wa wavu ulivyo, maana Mama atasoma na hajawahi kuona hata mechi moja. Kuna mtu anaupandisha mpira juu ya wavu, taratibu, mahali pazuri. Kisha kuna mtu anaruka na kuupiga. Anayepiga hupigiwa makofi. Anayepandisha ni mimi, na timu nzima hakuna mwingine anayeweza. Leo nimempandishia Malkia mipira mizuri mpaka mikono inaniuma, na wenyeji wamemwimbia yeye.

Tuliporudi bwenini, mimi nikiwa wa mwisho, nje kulikuwa na tope la barafu. Koti langu lilikuwa limetandikwa mlangoni. Wote walikuwa wamefutia viatu hapo, na alama za soli bado zilionekana. Nikaenda kwa Kocha nalo mkononi, linachuruzika.

"Wanakutania," akasema. "Mchezaji lazima awe na ngozi ngumu."

Nimelifua. Limeganda kama mbao.

Jumapili, 15 Januari

"Umevaa koti?"

Lilikuwa kwenye kamba, halijakauka. Nikasema nimevaa. Mama akacheka kidogo, akakohoa sana. Akaniambia mteja mmoja kamletea nguo ya harusi aipunguze kiuno, na bibi harusi kila siku anazidi kunenepa. "Tunafukuzana," akasema. Nilitaka kucheka ila kikohozi kile sikukipenda.

Alhamisi, 19 Januari

Theluji. Nilidhani ni kitu kizuri. Ni maji yanayojidai.

Jumamosi, 21 Januari

Tumefungwa. Malkia aliupiga nje mara tatu mfululizo, basi kosa likawa langu. Mpira ulikuwa chini, mpira ulikuwa nyuma, mpira ulikuwa na mkosi. Kwenye basi akatangaza kwamba kuanzia sasa atakayezungumza na Kijiko na yeye hatasemeshwa. Kocha alikuwa kiti cha mbele, anakula chungwa. Masikio anayo mawili, mazima.

Jumapili, 22 Januari

Leo aliyepokea simu ni Mjomba, kaka yake Mama. Akamwekea simu sikioni. Sauti ilitoka kwa mbali.

"Umevaa?"

Hata neno koti hakulimaliza. Nikasema ndiyo. Nikasema na nyumbani kuna joto? Mjomba ndiye akajibu lipo, lipo.

Jumanne, 24 Januari

Wamenisusia kweli. Naomba chumvi mezani, chumvi inapita mbele ya pua yangu kwenda kwa mwingine. Mimi nikasema, haya, kila mtu ana silaha yake. Mazoezini nikampandishia Malkia mipira ya chini, chini kidogo tu, isionekane. Kila alipopiga, ukanasa wavuni. Akapiga mpaka bega likamteguka kidogo, machozi yakamlenga. Nilifurahi. Tena niandike kwa herufi kubwa: NILIFURAHI.

Jioni nikamfuata Kocha ofisini kwake, kile chumba cha mipira na mikeka. Nikamwambia Mama anazidiwa, naomba nirudishwe.

"Nani kakwambia anazidiwa?"

"Nimesikia sauti yake."

"Sauti!" Akaendelea kujaza upepo mpira, miguu kaitanua. "Wewe unawakimbia wenzako, usimsingizie mama. Nikikurudisha wewe nani atapandisha?"

"Kocha, naomba."

"Sikiliza. Siku mama yako akifa, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka mlango wa ndege. Neno langu hilo. Mpaka siku hiyo, kapandishe mipira."

Nilitoka bila kuaga. Mtu mzima anasema maneno kama hayo huku anajaza mpira.

Ijumaa, 27 Januari

Leo sijui nianzie wapi!

Asubuhi niliingia chumba cha kulia, kelele zikakatika kama mtu kazima redio. Nikajua kuna mzaha umepangwa, nikakagua kiti kabla ya kukaa. Hakuna kitu. Akaja Malkia, macho mekundu, akaweka chumvi mbele yangu. Chumvi! Halafu akaniita kwa jina langu, lile la kwenye pasipoti. Nikageuka nyuma kuona anamwita nani.

Mchana nimekuta kitanda changu kimehamishwa kando ya hita. Malkia kahamia mlangoni. Na juu ya mto wangu, koti jekundu limekunjwa.

"Vaa wewe," akasema. "Nje baridi."

"Kulikoni?"

"Hakuna kitu. Tulikukosea."

Wamenikoma! Ile mipira ya chini imewafundisha adabu. Walidhani mimi ni wa kufutiwa viatu, wameona kumbe bila mimi hawana timu. Kocha kanipitia mazoezini, akanishika bega, akashindwa kusema. Ameona haya, na aone.

Jumamosi, 28 Januari

Leo ndiyo siku nzuri kuliko zote katika maisha yangu.

Tumeshinda mechi ya robo fainali. Kocha alinivisha mimi kitambaa cha nahodha, na Malkia hakununa. Mimi ndiye niliyeongoza timu kuingia uwanjani. Mpira wa mwisho nilimpandishia Malkia juu kabisa, akaukandamiza, halafu badala ya kuwakimbilia mashabiki akanikimbilia mimi, akanikumbatia, akalia shingoni mwangu. Kalia kweli, makamasi na yote. Nikampigapiga mgongoni kama mkubwa wake.

Mchana mpishi wa hapa akatoa keki. Nikaambiwa nikate mimi, nikala vipande hadi nikashindwa. Matroni alikuwa anajifuta macho, anasema ni mafua. Hata mpishi, ambaye lugha yetu haijui, alinishika shavu. Nikajiambia kumbe hivi ndivyo wanavyoishi watu wanaopendwa. Si vibaya.

Baada ya keki nikafanya jambo ambalo nilikuwa nalitamani. Lile blanketi nikalichukua nikalipeleka getini. Mlinzi wa hapa ni mzee, ana mbwa anayelala juu ya boksi kwenye kibanda. Nikamtandikia mbwa. Akalizunguka, akalikanyagakanyaga, akajilaza. Mlinzi akaniinamia kushukuru. Nikarudi na koti langu jekundu, manyoya yananisugua masikio, sijasikia baridi hata kidogo.

Jumapili, 29 Januari

Mtandao mbovu. Alipokea Mjomba.

"Mama amelala," akasema.

"Muamshe basi, mara moja tu."

"Amelala, mwanangu."

Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi, na viti vinaburutwa. Nikauliza kuna nini. Akasema wateja. Nikasema lo, ile harusi imefika? Nikamwambia amwambie Mama nimevaa koti na nimekuwa nahodha. Mjomba akajikohoza.

"Nitamwambia," akasema.

Bweni zima hakuna aliyekoroma leo.

Jumatano, 1 Februari

Nimeanza kuzoea ukubwa. Leo nimejaribu kitu. Nilimrushia Malkia soksi zangu za mazoezi, nikamwambia anifulie. Akaziokota, akaenda kufua! Nikamfuata mpaka kwenye sinki, nikasimama mlangoni na koti lake mwilini.

"Hivyo ndivyo unavyokamua? Mama yako hakukufundisha?"

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Nilingoja anijibu. Mimi niko tayari, ulimi wangu nimeunoa tangu uwanja wa ndege. Yeye akakamua upya.

Zamani ningemhurumia. Zamani ni wiki iliyopita.

Jumamosi, 4 Februari

Nusu fainali tumepita. Keki hakuna.

Jumapili, 5 Februari

Matroni anasema simu yake imeharibika. Kisha nimekwenda chumba cha kufulia kuchukua shuka, nikamkuta yule mdogo wetu wa benchi kajificha nyuma ya mashine, anaongea na nyumbani kwao kwa simu hiyo hiyo ya Matroni. Aliponiona akaificha mgongoni na kuanza kulia.

"Imepona?" nikamuuliza.

"Imepona kidogo," akasema, akanipita mbio.

Sielewi. Au Mama amekasirika? Au wameshamwambia nimelitoa koti? Lakini nani atamwambia, mbwa? Jumapili nzima nimekuwa kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

Alhamisi, 9 Februari

Nimemuuliza Matroni waziwazi, Mama yukoje. Akasema, "Cheza fainali kwanza, mwanangu." Nikasema sikuuliza habari za fainali. Akaanza kupanga taulo zilizokwisha kupangwa. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 11 Februari

Tumechukua kombe.

Naandika haya kwenye chumba cha mipira na mikeka. Wengine wako nje wanapiga picha. Kocha alinitoa kwenye foleni ya medali kabla sijavua viatu, akanileta hapa, Matroni akafuata. Mlango ukafungwa.

"Kaa," Kocha akasema.

"Nitasimama."

"Umecheza vizuri sana. Umeiletea heshima shule. Sasa naweza kukwambia." Akavua kofia. "Mama hatunaye."

Nikauliza yuko wapi. Ndivyo nilivyouliza, kama mjinga: yuko wapi. Matroni akanishika mikono nikaichomoa.

"Tangu lini?"

Wakatazamana.

"Tangu ile Alhamisi," Matroni akasema. "Kabla ya keki."

"Na kuzikwa?"

"Jumamosi yake. Mchana."

Nikahesabu ni Jumamosi ipi, ingawa nilikuwa naijua. Mchana ule nilikuwa nakata keki. Mchana ule nilikuwa nimeinama getini namtandikia mbwa.

"Uliniahidi," nikamwambia Kocha. "Hapa hapa. Ulikuwa unajaza mpira. Ulisema siku akifa utanisindikiza mwenyewe."

"Mjomba wako ndiye aliyesema usiambiwe ugenini. Mtoto hapewi msiba mbali na kwao, atapata kichaa. Mimi nimetii wakubwa."

"Mjomba alisema usiniambie, au alisema unirudishe kimya kimya?"

Akaitazama kofia yake. Matroni ndiye aliyeropoka, maskini, kwa kulia. "Alisema arudi, atamwambia mwenyewe nyumbani. Tiketi alikuwa ameshaulizia. Kocha akasema tukikuondoa, timu imekwisha, ngojeni mechi chache. Mjomba wako akabembelezwa."

"Si mimi peke yangu," Kocha akasema. "Mkuu wa shule alijua. Na usisahau, ungeshika kombe leo?"

Nikamuuliza nani wengine walijua. Haikuwa na haja ya kuuliza. Walijua wote. Hadi mpishi.

Nilifungua mdomo nimtukane na tusi halikuja. Mimi! Nikaketi kwenye mkeka. Wameniacha nitulie. Nje wanaimba jina langu, lile la kweli, wanataka nije kushika kombe kwenye picha. Nimerudi nyuma kwenye daftari hili mpaka Jumamosi ile, nikasoma mstari wa kwanza. Nimejaribu kuufuta kwa kidole chenye mate. Karatasi imetoboka tu.

Jumapili, 12 Februari

Leo tunaondoka. Sote pamoja, kwa tiketi zile zile zilizokatwa tangu mwanzo.

Asubuhi nilikuwa napanga begi, Malkia akaja akasimama kando ya hita. Nilidhani anakuja kunipa pole. Alikuwa ananiangalia shingoni.

"Naomba koti langu," akasema.

Nikamtazama.

"Si umeshaambiwa? Kocha alisema nikuazime mpaka uambiwe. Alituita wote Ijumaa ile alfajiri, akasema atakayekutoa chozi kabla ya fainali atapewa barua ya kufukuzwa shule. Kitanda nilihama kwa amri. Chumvi pia."

"Na ulivyonililia uwanjani?"

"Ile nililia mwenyewe," akasema. "Na siku ya soksi, ujue nilikuwa na jibu. Uliponiuliza habari za mama. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Nimekuwa nalimeza mpaka leo. Kwa hiyo usinitazame hivyo, Kijiko. Nipe koti, ninatoka nje."

Nikafungua kifungo kimoja kimoja, nikalivua, nikampa. Akalikung'uta kabla ya kulivaa.

Nikaenda getini na sweta la shule. Upepo ulinipitia kama mimi ni dirisha bovu. Mlinzi aliniona natetemeka, akanyanyua mikono kuuliza kuna nini. Nikaonyesha kibandani. Alidhani nataka kumsalimu mbwa. Nikavuta pindo la blanketi, mbwa akanguruma, nikavuta tena. Tulivutana, mimi na mbwa, mbele ya geti, na mimi nalia kwa sauti, nalia kwa mara ya kwanza tangu jana. Mzee akamshika mbwa wake shingoni. Akalikung'uta koti, manyoya yakaruka kila mahali. Sikio moja la kola limetafunwa. Kifungo cha chini hakipo. Bitana haijaguswa, mshono wa Mama umeshika kila mahali, hakuna uzi uliolegea.

Sasa tuko kwenye basi, tunasubiri Kocha apakie kombe. Mtu nyuma amesema, "Mbona kunanuka?" na wengine wameanza kuguna. Aliyekaa nami amehamia kiti kingine. Matroni amepita katikati ya viti na simu mkononi, maana ni Jumapili, anauliza nani anataka kuwaambia kwao saa ya kufika. Amefika kwangu, akaniruka, akaenda kwa wa nyuma.

Nimevaa, Mama. Linanuka mbwa, lakini nimevaa.